Kipini

Maji ya bomba Mabela mwezi wa nane
hutoka yamekwisha pikwa na tangi la juu ya dari.
Ukitaka ya baridi, zima hita wiki nzima
ufungue upande mwekundu.
Hata hivyo kipimajoto kinasema thelathini na nne,
na dawa ya filamu inataka ishirini, haitaki hadithi.
Basi barafu: mifuko miwili kutoka kwa Biju pale kona.
Akaniuliza kama nina karamu.
Nina mkanda mmoja, nikamwambia,
picha kumi na mbili.

Kamera ni Yashika ya marehemu Suleyum, mume wa shangazi,
macho mawili yamepandana,
la juu la kutazamia, la chini la kukamatia.
Kipima mwanga chake kilikufa kabla sijazaliwa,
nami hupima kwa kivuli:
kikiwa na ncha, kumi na sita;
kikilegea, kumi na moja;
kikitoweka, funga kamera, vumbi linakuja.

Ibra, uani, Ijumaa baada ya kula,
Shangazi Rayya alikaa kwenye kiti cha plastiki
kama anayengoja kuitwa na karani wa pasipoti.
"Usipumue," nikasema.
"Hilo usinifundishe, nitalijua wakati wake."
Chak. Punje ya mtama imeanguka kwenye sinia.
Wajukuu wakaizunguka kamera wakitafuta skrini.
Iko wapi? Imo.
Imo wapi?
Imo gizani.
Wakaniacha, wakaenda kwenye mpira.

Bafuni, taulo chini ya mlango, vidole ndiyo macho.
Kisha mkanda ukaning'inia penye manyunyu, unadondoka,
na shangazi humo kageuka:
uso wa makaa, buibui la maziwa.
Vumbi la hapa halipigi hodi.
Lilikuja na kiyoyozi, likakaa naye.

Usiku nikawasha taa bapa,
kamera ya dijitali juu yake, imeinamisha kichwa,
mjukuu anamsomea bibi barua.
Kwenye kompyuta nikapindua weusi kuwa weupe,
na vumbi lote likawa nukta nyeupe.

Suleyum aliposema "kusafisha picha"
alikuwa na maana ya dawa tatu na subira.
Mimi nasafisha kwa kiduara cha kipanya.
Doa ukutani, gusa.
Doa shavuni, gusa.
Doa penye pua, gusa.
Saa nane za usiku nilikuwa hodari kweli.
Nikaituma.

Asubuhi, sauti yake, sekunde tisa:
"Mwanangu, picha nzuri, Mungu akuweke.
Kipini changu umempa nani?"

Pua ile ilitobolewa Wete,
kwa sindano ya kushonea na kipande cha ndimu.
Kipini kimepita skuli, kimepita arusi,
kimepanda ndege kuja huku,
kimegombana na mashine ya hospitali ya Ruwi
iliyotaka mgonjwa asivae kitu, na kikashinda.
Nimekuja kukivua mimi,
kwa kidole kimoja, bila hata kumshika uso.

Nikainua negativu dirishani.
Kipo. Nukta nyeusi, ndogo kuliko yai la chawa.

Nikaanza kurudi nyuma, hatua baada ya hatua,
na kila hatua vumbi likarejea,
mpaka uani pakawa kama pamemwagwa mchele,
na katikati ya mchele, kikang'aa.
Zile picha kumi na moja nazo nikazifungua.
Ile nukta niliyoifuta juu ya jabali,
labda ilikuwa mbuzi.
Labda mtu.

Nikamtumia tena, na vumbi lake lote.
Sekunde nne:
"Sasa ndiye mimi.
Lakini hilo vumbi si langu. Uani nilifagia."